Masika yameingia na maua yanagoma: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Kila mwaka ikifika katikati ya Machi, kaskazi ikishapoa na mawingu ya kwanza kujikusanya, majirani huanza kunibishia hodi wakiwa na jani mkononi. Mmoja analo la njano, mwingine lina madoa meusi, wa tatu kanibebea tawi zima lililovaa kitu cheupe kama pamba. Swali lao huwa moja: "Nipulizie dawa gani?"

Mara nyingi hakuna dawa ya kupulizia. Katika bustani zetu za pwani, mengi yanayojitokeza kwenye majani mwanzoni mwa masika yameanzia chini, kwenye mizizi. Ua lilizoea ukavu wa Januari na Februari, likipewa ndoo moja jioni; ghafla linapokea maji ya wiki nzima kwa usiku mmoja. Aprili peke yake, Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye udongo kwenda juu, na chupa ya dukani inakuja mwisho.

Nimeandika nikiwa na bustani za Dar, Tanga, Unguja na Mombasa akilini. Walioko Arusha, Lushoto au Nairobi nitawagusa pale ambapo baridi au udongo wao unabadilisha jibu.

## Vipimo vinne vya bure

Fanya hivi kwanza, dalili iwe yoyote.

Kidole. Kizamishe chote kwenye udongo, pembeni kidogo ya shina. Kikitoka na tope na harufu ya uvundo, mizizi inakosa hewa. Kikitoka kikavu ilhali juu kumelowa, maji yanateleza bila kuzama. Hili hutokea sana kwenye vyungu vilivyokauka kupita kiasi wakati wa kiangazi.

Shimo. Chimba la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena. Ukilala ukaamka maji ya mara ya pili bado yapo, tatizo lako ni ardhi isiyopitisha maji na hakuna mbolea itakayolitibu.

Siki. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, dondoshea siki. Ukichemka mapovu, una chokaa nyingi. Waliojenga juu ya mawe ya matumbawe, na wale ambao fundi alifukia mabaki ya saruji pembeni ya ukuta, hupata jibu hili mara kwa mara.

Mgongo wa jani. Geuza majani matano, ya juu na ya chini, uyatazame mwangani. Wadudu wengi wanaishi huko na sisi tunatazama usoni.

## Dalili ya 1: Majani yanageuka njano

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayopewa tiba za kubahatisha kuliko zote. Kabla ya kusema "njano", angalia ni majani yapi, maana mahali yalipo ni nusu ya jibu.

Majani ya chini na ya juu pamoja, mmea umelegea ingawa udongo umelowa. Hapa maji yametuama. Watu wengi wakiona mmea umelegea huongeza maji, na hapo ndipo wanapoumaliza. Mzizi nao unavuta hewa. Ukizama siku kadhaa huanza kuoza, na mzizi uliooza haunywi, hivyo jani linakauka likiwa juu ya dimbwi. Ukiwa na chungu, kiinue utazame kitundu cha chini. Mara nyingi kimezibwa na mizizi, au chungu kimekaa moja kwa moja kwenye saruji. Zibua, kisha kiweke juu ya vipande viwili vya tofali. Kwenye ardhi, chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali na shina. Kwa wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, mfereji hautoshi: inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake.

Ikiwa hali imekwenda mbali, ng'oa mmea mdogo utazame mizizi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya mchanga na ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ukiuvuta ganda linavuka na kubaki uzi. Kata ulioharibika wote, punguza matawi kiasi hicho hicho, panda upya kwenye udongo mwepesi, weka kivulini siku kumi. Mizizi ikiwa imekwisha zaidi ya nusu, usipoteze muda. Chukua vipandikizi kutoka matawi mazima ya juu, uanze mche mpya.

Majani ya chini tu, ya zamani, njano iliyosambaa sawasawa. Mmea una njaa ya naitrojeni. Mchanga wa pwani haushiki mbolea, na mvua kubwa mbili tatu zinatosha kuiosha ikashuka chini ya mizizi. Mmea unachofanya ni kuinyonya kutoka majani ya zamani na kuwapa watoto wa juu. Weka mboji au samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita moja ya mraba, na uifunike kwa matandazo. Ukitaka kutumia CAN au UREA, mbolea za dukani zenye naitrojeni, weka kidogo kidogo, kijiko cha chai kuzunguka mmea mmoja wa kimo cha kiuno, mbali na shina, mara moja kila wiki tatu. Kuweka kiganja kizima kabla ya mvua ni kuilisha mitaro ya mtaa.

Majani mapya ya juu, njano lakini mishipa imebaki kijani. Kwa iksora, haibiskasi na gardenia, hii huwa ni kukosa madini ya chuma. Chuma kipo ardhini, ila chokaa imekifunga na mzizi hauwezi kukichukua. Rudi kwenye kipimo cha siki. Tiba ya haraka ni mbolea yenye chuma ya kupulizia kwenye majani, kwa kipimo cha kwenye kopo, jioni. Tiba ya kudumu ni kuhamisha mmea mbali na ukuta, au kuuweka kwenye chungu chenye mboji nyingi. Nimeshaona ua wa iksora wa mita kumi ambapo mimea mitatu tu ilikuwa ya njano. Tulipochimba tukakuta mfuko mzima wa saruji uliogandishwa na mvua, umezikwa na mafundi.

Njano isiyo na mpangilio, mmea umedumaa, mbolea haileti mabadiliko. Ng'oa mmoja. Ukikuta mizizi ina vifundo kama shanga, hao ni minyoo fundo. Usichanganye na vijifundo vya jamii ya kunde, ambavyo hubanduka kwa kucha na vina faida. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hakuna tiba ya mmea ulioambukizwa sana. Ng'oa, choma mizizi, usipande tena aina ile pale. Panda marigoldi kwa wingi msimu mzima, kisha uichanganye ardhini. Dawa za kuua minyoo hii ni kali mno kwa uwanja wa nyumbani ambapo watoto wanacheza, kwa hiyo ukifikiri umefika huko, acha na umtafute bwana shamba.

## Dalili ya 2: Haichanui

Bogenvilia kwanza, maana lawama zake ni nyingi. "Kiangazi ilikuwa moto mtupu, sasa nimeipa mbolea na mvua imekuja, imetoa majani matupu!" Haijaugua. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na huchanua vizuri ikihisi ukame kidogo. Maji mengi na naitrojeni nyingi huiambia ijenge matawi. Hata kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijidude cheupe katikati.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

1. Msimu. Masika si wakati wake. Subiri mvua zikatike.
2. Maji ya ziada juu ya mvua. Bado kuna watu wanafungulia mpira jioni kwa mazoea. Funga.
3. UREA au samadi ya kuku nyingi.
4. Kivuli. Mwembe wa jirani umekua tangu ulipoipanda, nawe hukuona kwa kuwa ulikua taratibu. Inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.
5. Kupogolewa ovyo. Bogenvilia huchanulia kwenye machipukizi mapya. Ukiikata kila wiki mbili ili ua uonekane umenyooka, unakata maua kabla hayajazaliwa.

Ipogoe mara moja sasa, mvua zinapoanza, punguza theluthi ya urefu, halafu iache kabisa hadi zitakapokwisha. Vaa glavu za ngozi, miiba yake huingia ndani na jeraha huvimba.

Waridi lisilochanua huwa halikupogolewa. Kata mwishoni mwa Februari au wiki za mwanzo za Machi, kabla mvua hazijakolea: ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na membamba kuliko penseli. Yaliyobaki yakate juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato uwe wa mshazari ili maji yasitulie. Ukichelewa ukaikuta Aprili, pogoa kidogo tu, siku kavu, asubuhi, ili vidonda vikauke kabla ya usiku.

Asumini ikigoma, tazama jua na umri wa matawi. Matawi ya zamani yaliyojisokota hayatoi kitu. Yapunguze nusu, na baada ya wiki kadhaa harufu inarudi barazani. Mlangilangi mchanga unahitaji subira zaidi kuliko mkasi.

Kuna na lalamiko la haibiskasi: "Inachanua lakini maua yanaanguka siku hiyo hiyo." Haibiskasi nyingi ndivyo zilivyo, ua huishi siku moja. La kushughulikia ni vitumba vinapoanguka kabla ya kufunguka. Kwanza shuku udongo kukauka na kulowa kwa zamu, kisha pasua kitumba kimoja: ukikuta vidudu vyembamba vinavyokimbia, ni vithiripi. Okota vitumba vyote vilivyoanguka kila asubuhi kwa wiki mbili na uvifunge kwenye mfuko juani. Hiyo pekee hupunguza sana.

## Dalili ya 3: Waridi lina madoa meusi, au limepakwa unga

Ni magonjwa mawili ya ukungu, na tabia zao hazifanani.

Madoa meusi yenye kingo zilizochanika-chanika, jani likigeuka njano kulizunguka doa na kudondoka, ni ugonjwa wa mvua. Mbegu zake za ukungu huhitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba mfululizo ndipo ziingie. Usiku mmoja wa manyunyu ya Aprili unatosha. Kwa hiyo unachopigania ni jani likauke mapema:

- Mwagilia chini, kwenye shina, asubuhi. Kunyunyizia majani jioni ni kuualika.
- Fungua katikati ya kichaka ili upepo upite.
- Fagia majani yote yaliyoanguka, kila siku kama unaweza. Ukungu hujificha humo ukirushwa upya na matone. Usiyatie kwenye mboji.
- Weka matandazo ya sentimita tano, yasiguse shina, yazuie tope kurukia majani ya chini.

Kama bado unaendelea baada ya wiki tatu za usafi, hapo ndipo dawa ya ukungu yenye shaba au salfa ina maana. Pulizia kabla ya mvua nyingine kuliko baada ya madoa kujaa. Jani lililokwisha doa halirudi kuwa jipya kwa dawa yoyote. Salfa usiipige jua likiwa kali, inaunguza.

Unga mweupe kama wa sembe kwenye machipukizi, majani yakijikunja, ni ubwiri unga. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalijua jina hilo vizuri. Wa waridi ni ukungu mwingine wa jamii hiyo hiyo. Huu hautaki jani lililolowa. Unapenda siku ya joto na usiku wa baridi wenye unyevunyevu hewani, na ndiyo maana unawasumbua zaidi watu wa Lushoto, Arusha na Nairobi kuliko sisi wa Temeke. Kata ncha zilizoathirika, punguza naitrojeni, ongeza jua. Ukiuwahi, hata kuyaosha majani kwa maji asubuhi husaidia, jambo ambalo kwa madoa meusi lingekuwa kosa. Hakikisha unajua unapambana na upi.

Mkasi uoshe kila unapohama kichaka: kitambaa chenye spiriti kinatosha, au klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kisha uukaushe na kuupaka mafuta usipate kutu.

## Dalili ya 4: Mche mpya unakufa ndani ya wiki mbili

Mwanzo wa masika barabara zetu hujaa wauza miche, na watu hununua gari zima. Wiki mbili baadaye nusu imekufa na muuzaji anatukanwa. Wakati mwingine anastahili. Mara nyingi siyo yeye.

Kwanza, kiriba. Utashangaa wangapi wanapanda mche na kiriba chake cha nailoni, au wanakipasua chini tu. Fukua utazame. Kitoe chote. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba ya ndoo, ichane kwa vidole au ikate pembeni mara tatu kwa kisu, vinginevyo itaendelea kuzunguka palepale hata ikiwa ardhini.

Pili, kina. Mche ukae usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba. Tukiufukia shina "ushike vizuri", gome linaoza.

Tatu, jua la ghafla. Kitalu kilikuwa chini ya wavu. Kwako umeuweka katikati ya uwanja saa sita mchana. Kivuli cha makuti kwa siku saba, kisha punguza.

Nne, samadi mbichi. Hapa nina kesi yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilipata mbolea ya kuku ya bure, bado ina joto, nikaitia kwenye mashimo kumi na mawili ya waridi. Siku ya tano majani yalikuwa yamekauka kingo, siku ya kumi nilikuwa na vijiti kumi na viwili. Mbolea ya kuku inahitaji kuoza miezi miwili mitatu. Ikiwa bado inanuka amonia au mkono unasikia joto ndani ya lundo, haijaiva. Kama umeshaitia, itoe leo hii, na umwagie maji mengi ya kuosha.

Tano, mche umelala chini umekatwa usawa wa ardhi. Ukikatwa kama kwa wembe, fukua sentimita mbili tatu pembeni, utamkuta sota amejikunja. Muue, na uwavishe miche mingine kola ya karatasi ngumu. Ukiwa haukukatwa bali shina limenyongeka na kuwa jembamba jeusi, hasa kwenye trei ya mbegu, ni kinyausi. Hautibiki kwa mche uliokwisha anguka. Ng'oa, punguza maji, achanisha miche, na safari ijayo tumia mchanga safi na trei iliyooshwa.

## Dalili ya 5: Pamba nyeupe, masizi meusi, sisimizi kwenye foleni

Hivi vitatu ni kisa kimoja. Pamba ni vidung'ata wanaonyonya utomvu. Wanatoa majimaji matamu, juu yake unaota ukungu mweusi kama masizi ya chungu, na sisimizi wanakuja kulamba huku wakiwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu rafiki. Ukifuta masizi peke yake, wiki ijayo yamerudi. Haibiskasi na franjipani huathirika sana, hasa mpapai wa jirani ukiwa nao.

Anza na maji: mpira wenye nguvu, mgongo wa majani, mara mbili kwa wiki. Kata matawi yaliyofunikwa kabisa na uyafunge kwenye mfuko. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, pulizia jioni mpaka itiririke, jaribu kwenye majani machache kwanza na usubiri siku moja. Rudia kila siku tano, mara tatu. Mayai hayafi kwa mara moja. Mafuta ya mwarobaini yakichanganywa na sabuni hiyo huongeza nguvu. Wakati huo huo zuia sisimizi: funga shina kwa utepe mpana uliopakwa grisi, usipake grisi kwenye gome lenyewe.

Ukiona wadudu-kibibi, vile vidudu vya mviringo vyenye madoa mgongoni, wakitembea humo, acha kupulizia. Hao wanakula vidung'ata wengi kuliko utakaowaua wewe.

## Dalili ya 6: Ncha za majani zimeungua

Hii huanzia kiangazi. Wengi wetu tunamwagilia kwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Onja tone ulimini: ukiisikia, ua nalo linaisikia. Dalili ni kingo na ncha za kahawia kavu, na utando mweupe kwenye udongo au pembeni ya chungu.

Habari njema ni kwamba masika ndiyo tiba. Vitoe vyungu chini ya paa vikapigwe mvua, vikaoshwe mpaka maji yatoke chini kwa wingi. Kinga maji ya bati kwenye pipa lenye mfuniko kwa ajili ya siku za katikati. Ikiwa unatumia maji ya mvua tupu na bado ncha zinaungua, shuku mbolea ya chumvichumvi uliyozidisha.

## Mambo madogo matatu

Majani yametobolewa usiku na kuna michirizi inayong'aa: konokono. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, waokote kwa glavu au mfuko, usiwashike mikono mitupu kwa kuwa hubeba vimelea vinavyodhuru binadamu. Chumvi inawaua, lakini inaharibu udongo wako.

Waridi jekundu limegeuka kuwa jingine dogo, pengine jeupe. Hujalogwa. Waridi la kubebesha lina shina la chini la aina nyingine, na chipukizi la chini ya kovu limelishinda lile la juu. Fukua hadi linapotokea, likwanyue kwa mkono palepale. Ukilikata kwa mkasi litarudi likiwa mapacha.

Mbu wa mchana wameongezeka. Tazama visahani vya vyungu. Mbu wa homa ya dengi, ambayo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji machache kama hayo, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Kumwaga hakutoshi: visugue kwa brashi mara moja kwa wiki, au viondoe kabisa hadi Juni.

## Hapa weka mkasi chini

Tawi linagusa au linakaribia waya wa umeme. Usijaribu, hata kwa ngazi ya mbao, hata umeme ukiwa umekatika. Piga simu kwa shirika la umeme.

Unataka kukata olianda, mnyaa au waridi la jangwani. Olianda ina sumu sehemu zake zote, na moshi wake vilevile, kwa hiyo usiichome wala kuipikia. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kuharibu uoni: osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, usisugue, nenda hospitali moja kwa moja. Mtoto akitafuna jani lolote kati ya haya usisubiri dalili. Chukua tawi uende nalo ili daktari ajue.

Ardhi imebonyea karibu na shimo la choo, au ukuta wa uzio umeanza kuinama baada ya mvua. Hiyo ni kazi ya fundi wa ujenzi, na maua yangoje. Kichaka kilichosongamana chenye nyoka nacho si cha kupogoa peke yako.

Dawa uliyouziwa haina lebo, au imemiminwa kwenye chupa ya soda. Irudishe. Kwenye kopo halali utaona namba ya usajili, na utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, haina kazi kwenye bustani ya nyumbani.

Na ikiwa ugonjwa umeruka kutoka mmea mmoja hadi mitano ndani ya wiki, ingawa umefanya ya hapo juu, mpelekee bwana shamba au bibi shamba wa kata sampuli. Chukua kitu kinachosomeka: tawi lenye sehemu nzima na sehemu mgonjwa pamoja, mizizi michache, na udongo wa kiganja kimoja. Tawi lifungie kwenye gazeti, maana kwenye nailoni litaoza njiani. Udongo na mizizi ndiyo iwekwe kwenye mfuko. Andika tarehe dalili ilipoanza na kila ulichokipulizia, hata kile cha kuonea aibu. Nenda asubuhi, ofisi nyingi ikifika saa sita ameshatoka kwenda mashambani.